Mguu wa Kulia wa Fundi Pindo

Hiki kisa hamtakiamini, na mjomba wenu anayewasimulia hatawalaumu. Mtu anayeuza viatu vilivyokwisha kuvaliwa na wengine, halafu anamwapia mteja kwamba mwenyewe alivivaa siku ya harusi tu, hawezi kudai aaminiwe. Lakini safari hii ukweli ulikuja na chumvi yake tayari. Kuna mwanamke aliyepoteza nusu ya mguu kwa sababu ya neno moja, neno ambalo nyinyi nyote mmeshalitamka leo, na wala hamkukatwa hata ukucha.

Mwanamke huyo ni dada yake mjomba, wa kuachiana ziwa. Mtaani wanamwita Fundi Pindo kwa kuwa pindo lake halifumuki. Suruali inaweza kupauka, ikachanika magotini, ikageuzwa tambara la kupigia deki, lakini pindo la Fundi Pindo litabaki limeng'ang'ania palepale kama mgeni aliyenusa chakula jikoni. Anashonea chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, cherehani ya kukanyaga imesogezwa karibu na dirisha apate mwanga. Meza ya kukatia imejaa chaki na vipande vya karatasi ya ruwaza. Sakafu ni ya saruji, na pale chini ya pedali imesuguliwa na nyayo zake mpaka inang'aa kama sahani.

Nyayo, ndiyo, maana alishona pekupeku tangu usichana. Bibi aliyemfundisha kazi alikuwa mkali, akimkuta mwanafunzi na kandambili anazirusha nje. Alisema kiatu kinaziba masikio ya mguu. Fundi anausikiliza mshono kwa unyayo, akajua sindano imegota, uzi unataka kukatika, mkanda umelegea, kabla hata jicho halijaona. Fundi Pindo alilishika somo hilo kuliko alivyoshika mafundisho ya maisha yake mwenyewe, yaani kula, kulala na kukaa.

Sasa fikirieni uchungu wa mjomba. Mjomba wenu shule hakuimaliza, shule ndiyo iliyommaliza, lakini miguu anaijua. Mtu apite ng'ambo ya barabara, mjomba atakutajia namba ya kiatu chake, kisigino anachokilalia, na kama nyumbani ameondoka kwa ugomvi. Na dada wa bingwa huyo anatembea pekupeku!

"Dada, tazama hivi vilivyoshuka leo. Ngozi halisi. Laini kama shavu la mtoto mchanga."

"Mpelekee mkeo."

"Mke wangu anavaa arobaini na mbili."

"Basi avivae mikononi."

Maneno hayo aliyasema kwa pembe ya mdomo, maana pembe nyingine ilikuwa imebana pini. Huo ulikuwa mtindo wake: pini zote mdomoni, zimepangwa kama meno ya ziada. Binti yake wa pekee anayefanya kazi mji mwingine, yule tunayemwita Kifungo kwa sababu utotoni alimeza kimoja na nyumba nzima ikakesha kukisubiri, alipiga simu kila baada ya siku mbili tatu, na mazungumzo yalikuwa haya:

"Mama, hujambo?"

"Mmh."

"Umekula?"

"Mmh."

"Umemeza dawa?"

"Mmh."

"Mama, hebu toa pini mdomoni."

Anatoa moja. "Sijambo, mwanangu. Mzima kabisa. Wewe je, wanakulisha vizuri huko?"

Dawa aliyoulizwa ilikuwa ya sukari. Walipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba ana ugonjwa wa sukari alijibu kuwa afadhali hata mwilini ipo, kwenye kopo ilikwisha tangu juzi. Akacheka, wahudumu wakacheka, akarudi kwenye cherehani. Mama yetu alipougua miaka ile, Fundi Pindo ndiye aliyemgeuza kitandani. Mumewe alipolala na kiharusi, Fundi Pindo ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko cha chai, tone kwa tone. Hata mjomba alipoanguka na gunia la viatu akavunjika mkono, alifungwa bendeji, akaogeshwa na kutukanwa na huyuhuyu. Ukimuuguza kila mtu, mwishoni unaanza kuamini kwamba kuugua ni kazi ya watu wengine.

Miguu ikaanza kuwaka. Haikuwa kuuma, ilikuwa kuwaka, kama mtu aliyepakwa pilipili kwenye nyayo. Akilala aliitoa nje ya shuka na kuibandika ukutani kwenye ubaridi. Akishona aliiloweka kwenye beseni kati ya nguo na nguo. Hakumwambia mtu. Mjomba alipouliza beseni la nini, aliambiwa ni la kufugia samaki.

Halafu ikanyamaza. Polepole, mwezi kwa mwezi, moto ukazimika mpaka pakawa kimya. Fundi Pindo alifurahi jinsi ambavyo mjomba hakuwa amemwona akifurahi tangu Kifungo alipoajiriwa. Alimwaga maji ya beseni barabarani kwa madaha.

"Imepona," alisema. "Haiwaki tena. Hata nikanyage wapi, shwari."

"Dawa zimefanya kazi, basi."

"Dawa gani? Nimezipunguza. Mtu akishapona anameza vidonge vya nini, vya kuaga?"

Nani angemkatalia? Maumivu yakiondoka nyumbani kwako huyafuati nje kuyauliza mbona yameondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba mguu wa mtu wa sukari unaweza kunyamaza kwa sababu umekufa ganzi.

Ila kliniki walitaka kujua. Palikuwa na muuguzi kijana, mpole, sauti yake kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akamlaza Fundi Pindo kwenye kitanda chembamba, akamwambia afumbe macho. Mkononi alishika kiuzi kigumu cha plastiki, kama kile cha kuvulia samaki, cha kugusia nyayo hapa na pale.

"Uzi namba ngapi huo?" Fundi Pindo aliuliza macho yakiwa yamefumbwa. "Mbona mnene? Utafumua kitambaa."

Muuguzi akacheka. Akagusa.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia, mwanangu."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Hapa je?"

"Nasikia vizuri tu. Sauti yako ndogo, lakini masikio yangu mazima."

Muuguzi akacheka tena, akijua kwamba huyu mama ni mtu wa utani. Akaandika kwamba mguu ni mzima.

Mmeona? Hiki Kiswahili chetu kimevipa sikio na ngozi neno moja, vigawane. Tunasikia redio, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya mchuzi wa jirani. Kijana aliuliza kuhusu ngozi, Fundi Pindo akajibu kwa sikio, wote wawili wakaridhika. Wakati wa kumuaga muuguzi alimwambia, "Mama, ujitunze." Fundi Pindo alicheka njia nzima. Neno hilo mara ya mwisho aliambiwa na mama yetu, alipoota matiti, na maana yake ilikuwa akae mbali na wavulana.

"Nijitunze!" alimwambia mjomba. "Kwa umri huu nani atanitongoza, daktari wa meno?"

Shule zikakaribia kufunguliwa. Msimu huo Fundi Pindo hali, hanywi, mradi cherehani inanguruma. Mashati meupe yalijaa mezani, mengine yametundikwa mlangoni kama darasa la watoto wasio na vichwa. Chai yake ilipoa kikombeni ikaota utando. Kifungo akapiga simu, akajibiwa "mmh" nne.

Alasiri moja mjomba alifika na kiroba cha viatu begani akamkuta dada yake amefura. Shati moja jeupe, jipya kabisa, lilianguka sakafuni, na alipoliokota lilikuwa na doa jekundu kifuani.

"Kuna mshenzi amekuja hapa na sharubati," alisema. "Nimegeuka tu kuchukua chaki. Tazama! Tazama na sakafu!"

Akawa anazunguka chumba na kitambaa kibichi, anapiga deki, anatukana watoto wa mtaa mmoja baada ya mwingine kwa majina ya baba zao. Akifuta hapa, doa linatokea pale. Akienda dirishani, madoa yanamfuata dirishani. Mjomba alisimama mlangoni akitazama chini. Hapo sasa, ndipo ujuzi wake wote wa sokoni ulipomshukia kichwani kama maji ya baridi. Madoa yalikuwa na umbo. Yalikuwa na kisigino na vidole, namba thelathini na tisa, mguu wa kulia peke yake.

"Dada," alisema, "kaa chini."

"Sina nafasi ya kukaa."

"Kaa, nakwambia. Nipe mguu."

Kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, palikuwa na shimo, na ndani ya shimo palikuwa na kipande cha sindano ya cherehani, kimeingia mpaka karibu kupotea. Haikuwa ya siku hiyo. Pembeni nyama ilishageuka rangi, na harufu yake mjomba hataiandika. Fundi Pindo aliinama akautazama mguu wake kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni.

"Hiyo ni ya wapi?" aliuliza. "Sindano ilikatika, ndiyo, wiki ile... Lakini mbona sikusikia?"

Mjomba alimpakia mgongoni akakimbia naye mpaka hospitali, akaipita gari ya wagonjwa barabarani. Iliyopitwa ilikuwa imeegeshwa, lakini kupita ni kupita. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye macho ya kukosa usingizi, aliutazama mguu, akaipandisha miwani kwenye paji la uso, na hakuzungusha maneno.

"Mfupa umeshaharibika. Leo naweza kukata vidole na nusu ya mbele ya mguu. Mkiniletea wiki ijayo, nitakata chini ya goti."

"Mimi ni fundi wa cherehani," Fundi Pindo alisema. "Huo ndio ninaokanyagia."

"Najua, mama. Umeshaniambia."

"Nilikuwa nakwambia tena."

Wakakata.

Kifungo alikuja na basi la kwanza, macho yamevimba. Alipopata nguvu akawasimulia wagonjwa wa vitanda vya jirani kisa cha muuguzi na kiuzi, kama alivyokipata kwa mjomba. Unasikia, mama? Nasikia, mwanangu! Alikisimulia vizuri mno, kicheko na machozi pamoja, amerithi mdomo wa mjomba wake. Wodi nzima ikacheka, mpaka mama mmoja aliyeshonwa tumbo akaomba aonewe huruma. Fundi Pindo naye alicheka. Lakini Kifungo alipotoka kwenda kuchota maji, dada aligeuza uso ukutani.

"Mwambie asiwasimulie tena hivyo."

"Kwa nini? Ni kichekesho, dada. Kinapunguza machungu."

"Nilielewa."

Mjomba hakumfahamu. "Ulielewa nini?"

"Swali. Alipogusa mara ya kwanza nilidhani kweli ananiuliza kama namsikia. Ya pili vilevile. Ya tatu nikafumbua jicho moja. Nikamwona kakibonyeza kile kiuzi mpaka kimepinda, hapa kwenye unyayo, na mimi sina habari. Kana kwamba anagusa mguu wa meza."

"Sasa mbona ukamwambia unasikia?"

Chupa ya maji ya mshipani ilidondosha matone yake.

"Nilikuwa nimekata vitambaa vya watu viko mezani," alisema. "Na yule kijana alikuwa amefurahi. Ningesema sisikii angeniambia nikapumzike, nivae viatu, nirudi kesho, nirudi keshokutwa. Nikaona aibu. Mimi nimezoea kuwa upande wa kushika bakuli. Upande wa kulishwa siujui, nilikuwa sijui hata mtu anaanzia wapi." Akaivuta shuka mpaka kidevuni. "Usimwambie mtoto. Akijua nilijua..."

Alimwambia mwenyewe, baadaye, nyumbani. Kifungo hakupiga kelele. Aliinuka akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa, vyote, hata vile vya kabatini, na aliporudi alikaa sakafuni akaegemea goti la mama yake mpaka mikono yake ikakauka yenyewe.

Tangu hapo ni mwendo wa kujifunza upya, kama mtoto. Kiatu mjomba alikitafuta soko zima. Muuza viatu anauza jozi, na kwa mara ya kwanza maishani aliona jozi inavyoweza kumtukana mtu: mguu wa kushoto unatoshea, wa kulia unabaki na nafasi mbele, tupu. Fundi Pindo alikata sponji akaishonea kava, akaijaza ile nafasi. Anavaa viatu kutoka kitandani mpaka kitandani, na kabla ya kuvaa anaviinamisha na kuvikung'uta, anapitisha mkono ndani kutafuta pini. Pini zimehama mdomoni, zinakaa kwenye kijimto mkononi. Anakula mchana ukiwa bado mchana. Vidonge vinakaa mezani kando ya chaki, na havipunguzwi na mtu asiyekuwa daktari. Jua likiwa kali anafunga mlango analala, na mteja akigonga, agonge.

Kingine kimewashangaza watu zaidi. Mtu akipita akasema, "Fundi, hujambo?" yeye anajibu. Anajibu kweli! "Leo si sana. Kidonda kimenivuta tangu alfajiri, na kichwa kizito." Jirani mmoja alibaki mlangoni mdomo wazi, amebeba kikapu, hajui aondoke au aingie. Alikuwa amekuja na salamu tu, hakujiandaa kwa habari.

Msidhani lakini kwamba mambo yamekaa sawa. Mguu wa kushoto hauijui pedali. Unaikanyaga kwa pupa, au unasahau, na ndani ya kiatu hausikilizi kitu. Mshono unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Juzi kijana mmoja alirudisha suruali, akaiweka mezani kwa adabu huku akitazama pembeni. Pindo lilikuwa limefumuka. Fundi Pindo aliligeuza, akalitazama upande wa ndani, akasema, "Niachie, nitalirudia." Kijana alipoondoka hakulirudia. Alikaa na ile suruali mapajani, kiganja kimefunika pale palipofumuka, mpaka taa za barabarani zikawaka. Mjomba alikuwa na utani mzuri sana siku hiyo. Aliumeza.

Na kuna mguu uliobaki. Daktari alisema huo nao usiachwe peke yake: kila jioni ndugu amguse vidole, kwa ncha ya kidole tu, kama anayegusa rangi mbichi, bila kuuliza neno lolote, na mwenyewe ataje ni kipi. Kifungo yuko kazini kwake, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mjomba. Ananawa mikono, anavaa uso wa udaktari, anamfunga dada yake macho kwa kipande cha bitana. Fundi Pindo anakaa wima kama anayepigwa picha. Chumba kinakuwa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani ikijikuna.

Maneno haya mjomba anayaandikia papo hapo, kwenye meza ya kukatia, huku akiyasoma kwa sauti, maana dada yake amekataa kuandikwa kisirisiri. Yuko kwenye kiti chake, mguu kwenye stuli, anachambua vifungo. Kesho ni siku ya kliniki na wataulizwa. Basi watakachoulizwa kesho mjomba anakitangaza leo: mguu wa kushoto ni mzima kuliko wa mtoto wa chekechea. Jana jioni aligusa bila kutia nguvu, kama nzi aliyechoka, na Fundi Pindo alivitaja vyote, gumba, cha pili, cha kati, cha nne, bila kusita wala kubahatisha, na kile kidogo cha mwisho mjomba alikuwa hata hajakifikia vizuri na yeye tayari amesha...

"Cha mwisho ulikitaja wewe," alisema Fundi Pindo. "Ulikigusa mara mbili, nikanyamaza, ukakitaja. Mimi sikukisikia. Futa hapo."